Sauti Iachwe Kama Ilivyo

Ukoo mzima ulimwita Kigingi. Jina hilo alibandikwa na kaka yake mkubwa kwenye harusi ya binamu yao, alipomwona amesimama kando ya meza ya keki, kamera begani, hageuki wala hatikisiki. "Mwoneni dada yangu, utadhani kigingi cha kufungia mbuzi!" Watu wakaangua kicheko. Kicheko chenyewe kimo kwenye kanda mpaka leo, maana kamera ilikuwa ikinasa, na ukisikiliza vizuri utamsikia mshika kamera akishusha pumzi kwa pua. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama ana jina jingine. Kwao alikuwa Shangazi Kigingi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa wembe, ambaye ukimkanyagia sakafu iliyotoka kupigwa deki ungejuta kuzaliwa na miguu.

Kamera ilimwingia mikononi angali msichana mdogo. Baba yao, karani wa bohari, alikuwa mgonjwa wa picha. Alipiga slaidi, akanunua na ile mikanda midogo ya sinema isiyo na sauti, akawa anawafuata wanawe uani hadi wakamkimbia. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Akawapanga watoto mstari, kila mmoja ajaribu kushika. Kaka mkubwa aliitikisa kamera kama anayefukuza nzi. Kitinda mimba aliidondosha kwenye ndoo. Binti aliishika, ikatulia.

"Wewe ndiye jicho langu," baba akasema.

Binti akatembea kidevu juu wiki nzima. Hakujua kwamba tayari amepewa kazi ya maisha. Tangu siku hiyo, kila shughuli ya ukoo aliitwa mapema kuliko wapishi na aliondoka baada ya wafagiaji. Wenzake wakijipanga kupigwa picha naye akijisogeza, atasikia tu: "Sasa na wewe ukija huku, nani atapiga?" Na kweli, nani angepiga?

Alipokua aliajiriwa hospitalini, kwenye chumba cha simu. Kazi yake ilikuwa kupokea na kuunganisha: wodi ya watoto, maabara, duka la dawa, mochwari. Alizijua sauti za watu kabla ya sura zao. Humo ndimo alimomfahamu mpima ardhi mmoja ambaye mdogo wake alikuwa amelazwa, na yeye akipiga simu kila asubuhi kutoka kazini kumjulia hali. Mdogo mtu aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mpima ardhi aliendelea kupiga. Mwishowe akaja mwenyewe, akachungulia dirishani.

"Nilitaka kumwona mtu anayesema 'subiri kidogo' kama vile anamaanisha," alisema.

Wakachumbiana kimyakimya, hadi siku mpima ardhi alipokuja nyumbani kujitambulisha. Viti vilitolewa uani. Kaka mkubwa alikuwa ametoka safari na kamera ya video mpya, na hata siku hiyo, iliyokuwa siku yake, Kigingi ndiye aliyeishika. Alimpiga mgeni akisalimia, akampiga baba akicheka. Kisha baba, ambaye ugonjwa ulishaanza kumchosha, akaingia ndani kulala, na Mama akamwambia binti aende jikoni kuandaa chai. Akaiweka kamera juu ya kigoda, akaamini ameizima.

Mpima ardhi alikunywa nusu kikombe, akaaga. Hakurudi tena. Baada ya siku chache alituma mtu aseme kwamba jambo lile halitawezekana, wasimfikirie vibaya. Sababu haikutajwa. Mama alimwambia bintiye, "Wanaume ndivyo walivyo," akamkatia kipande kikubwa cha nyama kuliko cha wengine.

Miezi ikapita. Kaka mkubwa akawa anaoa, na Kigingi akawa anatafuta kanda yenye nafasi ya kurekodia. Kamera ile ilikuwa na tundu la kuchungulia, na ndani yake kioo kidogo kama kizibo cha chupa, kisicho na rangi. Alichomeka kidude cha kusikilizia sikioni, akazungusha kanda. Akaona uani kwao kutokea chini, kama anavyoona paka: miguu ya viti, buti zenye vumbi za mpima ardhi, viatu vyeupe vya kaka yake. Na sauti ya kaka yake, ya upole, ya mtu anayetoa siri kwa uchungu:

"Ni dada yangu na nampenda. Lakini sitaki kesho uje kusema tulikuficha. Ana kifafa, kaka. Kinamshika vibaya."

Kigingi hakuwahi kuugua kifafa hata siku moja. Akaizima kamera hapohapo. Alisimama, akaenda hadi mlango wa chumba cha kaka yake, akasikia wanaume ndani wakimfundisha bwana harusi kufunga tai, wakicheka. Baba alikuwa kitandani, yu hoi. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Akarudi. Akaitoa ile kanda, akakivunja kwa ukucha kile kijino cha plastiki cha pembeni ambacho kikivunjika kanda haikubali tena kurekodiwa juu yake. Akachukua kanda nyingine, akaenda kumpiga picha kaka yake akilishwa keki.

Alijiambia atangoja kaka aje mwenyewe. Siku yoyote, akiwa mgonjwa, akiwa amelewa, akiwa amefiwa, atakuja aseme, "Dada, kuna jambo nilikukosea." Akangoja. Kaka akapata watoto, akapata kampuni ya ujenzi, akapata kitambi. Alikuja kila Jumapili, akala, akamwita Kigingi, akaondoka. Kilichomkata maini dada mtu hakikuwa uongo peke yake. Ni kwamba mwenye uongo alionekana kuusahau, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi.

Mara moja tu alikutana tena na mpima ardhi, na hawakuonana. Alipokea simu hospitalini, sauti ikaomba wodi ya wazazi, mke wake amejifungua. Akaijua kabla haijamaliza sentensi. "Subiri kidogo," alisema. Upande wa pili pakawa kimya. Akamuunganisha.

Baba alipofariki, Mama alibaki na Kigingi kwenye nyumba ile ya zamani. Nani mwingine? Kaka mkubwa alikuwa na mke na shughuli, kitinda mimba alikuwa mbali akifundisha. Kigingi alimwogesha Mama, alimpeleka kliniki, alimsomea gazeti akianza na vifo kama Mama alivyopenda. Sanduku la bati lenye slaidi, picha, mikanda na kanda zote lilikaa chini ya kitanda cha Kigingi, na mtu akilitaja aligeuka mbogo.

Basi Mama akakaribia kutimiza miaka tisini, na kaka mkubwa akatangaza kwamba safari hii ukoo utakusanyika kwake, picha zote za zamani zihamishiwe kwenye kompyuta, zionyeshwe kwenye ile televisheni yake iliyojaza ukuta. Akamtuma mkewe kulichukua sanduku.

Wifi mtu alifika na dereva, amejipulizia manukato ya kuua mbu. Hakukaa.

"Wifi, nimekuja kuchukua sanduku."

"Lipi?"

"La picha. Kaka yako ameshaongea na watu wa kuhamisha."

"Hajaongea na mimi."

"Jamani, wifi! Picha ni za ukoo, si zako peke yako. Wewe mwenyewe hata haumo ndani."

Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake barazani, akakohoa. Kigingi akamtazama wifi yake kuanzia kwenye nywele za kununua hadi kwenye vidole vya miguu.

"Mwambie mume wako nitapeleka mwenyewe, nitasimamia mwenyewe, nitaleta mwenyewe. Na wewe ukirudi hapa, jipake manukato nusu. Mama ana kifua."

Wifi aliondoka akibamiza geti. Kigingi alilivuta sanduku toka chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, Mama akamsikia akiimba.

Fundi wa kuhamisha picha alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vioo: mwanamke mnene mwenye miwani juu ya kichwa na nyingine shingoni, amezungukwa na mashine ambazo wenzake walishazitupa. Hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Alilifungua sanduku, akanusa, akakunja uso.

"Hii mikanda ya sinema inanuka siki. Maana yake inakufa. Slaidi zina ukungu. Kanda hizi mlizihifadhi wapi, kisimani?"

"Chini ya kitanda."

"Ndiyo maana. Watu mnaficha vitu mpaka vinaoza, halafu mnakuja kutaka miujiza."

"Sijaja kutaka miujiza. Nimekuja kutaka kazi. Hujui, sema."

Fundi alishusha miwani ya kichwani, akamwangalia vizuri. Toka hapo wawili hao walielewana kwa namna yao, yaani walinuniana kila Kigingi alipokuja, na alikuja kila alasiri. Alikaa kwenye stuli na kumtazama fundi akifuta slaidi kwa pamba na spiriti, moja moja, akiipuliza, akiiweka kwenye skana. Ulikuja uani wao, ukaja mti wa mpera, akaja baba na kofia yake. Fundi aliuliza mara moja tu:

"Wewe ni yupi hapa?"

"Mimi ndiye niliyeshika."

Fundi hakuuliza tena. Kanda za video ndizo zilizomtesa. Ukungu wake uligandia kwenye mashine, kila baada ya muda aifungue aisafishe, huku akilaani. Na sauti ilikuwa imemezwa na mvumo. Alikuwa na namna ya kuupunguza mvumo na kuyainua maneno yaliyo chini, kazi ya polepole, masikio yamefunikwa. Siku alipoifikia kanda iliyovunjwa kijino, Kigingi alikuta amezima mashine, anamsubiri.

"Hii ya viatu," fundi alisema. "Ina maneno. Watu wengine huwa wananiambia niyafute, niweke muziki."

"Sauti iachwe kama ilivyo."

"Sawa. Lakini kaa kwanza uisikilize yote. Nimeisafisha, imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuna mahali huko mbele..."

"Naijua."

"Unaijua mpaka mwisho?"

"Mama wee, nimeiangalia kanda hiyo kabla hujajua kushika kamera! Nimekuambia naijua. Weka pamoja na nyingine, katikati, baada ya harusi ya binamu."

"Mzigo ni wako," fundi akasema, akapandisha miwani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana. Sebule ya kaka mkubwa ilijaa: wanawe, wake zao, kitinda mimba aliyetoka mbali na familia yake, majirani wawili wa heshima. Mama aliwekwa mbele, kwenye kochi kubwa, shali mabegani. Kigingi alikataa kiti. Alisimama nyuma, karibu na mlango, alipozoea kusimama.

Slaidi zilipoanza, hata wenye chuki walilainika. Kaka mkubwa alimwona baba yake akiwa kijana, akavua miwani kufuta macho. Ikaja ile mikanda isiyo na sauti: kitinda mimba anaoga kwenye beseni, uchi wa mnyama, na wanawe mwenyewe wakamcheka hadi wakashika mbavu. Wifi aliwapitishia watu soda. Kisha zikaja kanda za video. Ikaja harusi ya binamu, likaja neno "kigingi cha kufungia mbuzi," watu wakacheka upya, na kaka mkubwa akageuka nyuma kumtazama dada yake, naye anacheka.

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka," Kigingi alisema. "Endelea kuangalia."

Mpima ardhi akatokea, anasalimia. Wadogo wakauliza ni nani. Picha ikayumba, ikashuka, ikatulia kwenye miguu ya viti. Kwenye ukuta ule viatu vilikuwa vikubwa kama mitumbwi. Sauti ya kaka mkubwa ikajaza sebule, safi, kila herufi mahali pake: "Ana kifafa, kaka. Kinamshika vibaya."

Kaka mkubwa aliinuka nusu, akabaki hivyo, mikono kwenye magoti. Wifi alisema, "Zima. Zima hiyo kitu!" Mtoto wake mmoja alianza kutafuta rimoti kwenye mito ya kochi.

"Atakayezima nitamvunja mkono," Kigingi alisema, wala hakupandisha sauti.

Alikuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa ameingoja sura hiyo miaka yote, aione inavyosinyaa, na alitaka kuinywa taratibu. Kwa hiyo hakuwa akitazama ukuta pale miguu ya mtu wa tatu ilipoingia kwenye picha. Aliona tu kaka yake ameacha kumtazama na sasa anamtazama Mama. Akageuka.

Kwenye kile kioo cha kizibo cha chupa asingeiona, hata kama angeendelea. Lakini hapa, kwa rangi, ilikuwa wazi: viatu vya kitambaa vyenye maua mekundu, kimoja kimekatwa upande kwa ajili ya kidole kilichovimba. Kila mtu wa rika lao alivijua viatu hivyo. Vilisimama nyuma ya vile vyeupe. Na sauti ya mwanamke, ya chini, ambayo fundi alikuwa ameiinua toka kwenye mvumo kwa subira yake yote, ikasema:

"Mwambie na dawa anakunywa. Asije akafikiri ni utani."

Kanda ikaendelea. Vijiko viligonga vikombe. Sauti ya Kigingi mwenyewe, changa, ikasikika ikija toka jikoni: "Chai tayari!"

Kitinda mimba ndiye aliyesema kwanza, "Mama?"

"Ni mimi," Mama alisema. Hakugeuka. "Mnanitazama nini? Baba yenu alikuwa anakufa. Wanaume hawa wangeoa, wangeondoka. Na yule wa ramani angempeleka maporini huko. Mimi ningebaki na nani?"

"Mama, nyamaza," kaka mkubwa alisema.

"Sinyamazi. Ulikuwa unalia kama mtoto, hutaki kusema. Nikakwambia usiposema nitajinyonga. Sasa umebeba wewe peke yako mpaka leo, umefaidi nini?"

Kigingi alitoka mlangoni, akaja hadi mbele ya kochi. Aliinama, uso kwa uso na mama yake, kama alivyozoea kuinama kila asubuhi kumfunga vifungo.

"Nimekuogesha," alisema.

"Umeniogesha vizuri," Mama alijibu. "Kwani nilikosea kuchagua?"

Watu waliokuwapo husimulia kwamba walidhani atampiga. Mkono uliinuka kweli. Ulishika shali iliyokuwa inateleza begani mwa Mama, ukairudisha mahali pake, kwa nguvu, kama anayefunga gunia. Kisha Kigingi akamgeukia kaka yake.

"Wewe nilikuwekea kinyongo chote mimi. Hata cha huyu ulikila wewe."

"Najua," kaka mkubwa alisema.

"Ulijua nina hiyo kanda?"

"Sikujua. Nilijua tu unanichukia, nikaona ni haki yako."

"Shenzi," alisema. "Watu wawili, hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Akamtazama wifi yake. "Dawa zake nitazituma na dereva. Ya presha ni asubuhi, kabla hajala. Usiku analala upande wa kushoto. Akikuita, itika mara ya kwanza, la sivyo atawaamsha majirani."

"Wifi, hebu subiri, hatujaongea..."

"Mtaongea naye. Ni mwongeaji."

Akaenda zake kwa miguu. Jioni hiyo aliviringisha godoro la Mama na kulifunga kamba, akaweka na nguo na dawa getini, dereva akachukua.

Haukupita muda wifi akaanza kupiga simu. Mama anakataa chakula, Mama anataka gazeti asomewe vifo, Mama amemwita msichana wa kazi mwizi. Kigingi aliisikiliza simu hadi mwisho kwa ile sauti yake ya zamani ya kazini, akasema, "Nimekupata," akakata. Kaka mkubwa alikuja mwenyewe, akasimama nje ya geti kwa kuwa halikufunguliwa.

"Dada, ananuna mchana kutwa. Anakutaka wewe."

"Mwambie nina kifafa."

Aliona kaka yake anainama, kitambi kinatikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka vilevile. Kigingi hakucheka. Lakini alifungua geti, akampa kiti barazani, kile cha Mama, na maji ya kunywa. Hawakuombana msamaha. Kaka alimweleza tu jinsi mpima ardhi alivyopokea habari ile: aliuliza kama kifafa kina tiba, kwamba yeye angeweza kungoja. "Nikamwambia hakina," kaka alisema. Kigingi alisimama akaingia ndani, hakutoka mpaka aliposikia gari linaondoka.

Mama hakurudishwa. Aliishi kwa mwanawe wa kiume mpaka alipofariki, miaka michache baadaye, akilalamika hadi siku ya mwisho. Kitinda mimba aliwagawia watoto nakala za picha zote, akiwa amekata kile kipande cha viatu. Kigingi aliposikia akampigia fundi, fundi akatoa nakala mpya, kamili, naye Kigingi akampelekea kila mmoja wao bila barua.

Kila Jumamosi ya miaka hiyo, hata hivyo, Kigingi alipanda basi kwenda kwa kaka yake. Hakumsalimia wifi. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwa Mama, akavuta stuli, akaupakata ule mguu wenye kidole kilichovimba, akaanza kumkata kucha, maana wifi alikuwa akimkata hovyo hadi anatoka damu.

"Bado umenuna?" Mama aliuliza.

"Tulia. Nitakukata nyama."

"Nakuuliza, bado?"

"Bado," Kigingi alisema, akauchukua mguu wa pili.